Kadi ya Seri ya Pili

Kwenye matanga ya Directeur Lokwa walinipa kiti cha plastiki upande wa wazee, karibu na ukuta, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nimekuwa mzee kweli. Zamani kwenye matanga mimi nilikuwa mtu wa kupanga viti, si wa kukalia. Maiti ilikuwa imeshazikwa asubuhi, watu walikuwa wanakula, na mimi nilikuwa natazama miguu ya kile kiti, maana fundi wa mbao hata akiwa msibani hutazama kiti kimeundwaje, na plastiki haina la kutazama. Basi akaja mama mmoja mnene kidogo, kitambaa cha bluu kichwani, na sahani ya lituma, ile ndizi ya kutwanga ya huku kwetu, na kipande cha samaki juu. Akainama mbele yangu kwa heshima, akasema, "Prof Saidi, haunijue?" Sikumjua. Nilisikia tu lile neno, Prof, nikawa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni, kwa sababu miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyeniita hivyo. "Mimi Georgine," akasema. "Georgine wa maquis. Ule wa Yangambi, mwenye alipata kumi na moja."

Alisema akicheka. Aliitaja kumi na moja vile mtu anavyotaja mtaa anakotoka. Akavuta kiti, akakaa, akawaeleza wazee waliokuwa kando yangu kwamba marehemu alikuwa mtu wa kweli, hakumdanganya baba yake, alimwambia wazi kwamba huyu mtoto hana kichwa cha shule, na hivyo baba hakupoteza mwaka mwingine bure. Wazee wakaitikia, wakasema wakubwa wa namna hiyo wamekwisha. Kisha akaendelea na habari za sasa, kwamba ana binti, Divine, amemaliza darasa la nane, na shuleni wanataka kumpeleka kwenye option ya hesabu na fizikia. "Mimi nimekatala," akasema. "Nimemwambia aende coupe-couture, ashone manguo, atakula. Kwetu kichwa ya hesabu haiko. Mama yake alijaribu, kadi ikamukatala." Mzee mmoja akasema mshonaji hakosi kazi Kisangani. Mimi niliila ile lituma mpaka ikaisha. Ndiyo, niliila. Ningependa kuandika kwamba ilinikwama kooni, lakini nilikuwa na njaa.

Bon. Sitaanza na baba na mama na nilizaliwa wapi, hayo kila mtu anayo. Nataka mwaka mmoja tu, na hata huo si wote, ni ule msimu wa maquis. Nilikuwa na miaka kama thelathini na nane, si kijana wa kurukaruka, lakini mgongo ulikuwa bado unanitii. Directeur Lokwa alikuwa amekodi depo ya zamani ya kahawa pale Makiso, akaifanya centre ya kutayarisha wanafunzi kwa Examen d'État, ule mtihani wa mwisho ambao ukiuangusha huna diplome na ukiupita unakuwa mtu. Jina la centre sitalitaja, kwa sababu ubao wake ungali unaning'inia na wenye kuiendesha leo ni watoto wa wengine. Aliniita nitengeneze viti. Depo ilikuwa na vyumba vitatu: kimoja kikubwa cha kusomea, ambacho kwenye jua kali kilikuwa bado kinatoa harufu ya kahawa kutoka kwenye saruji, kimoja cha wasichana kulala, mikeka na magodoro yamepangwa mpaka mlangoni, na cha wavulana upande wa nyuma, ambacho sitasema kilikuwa kinatoa harufu ya nini. Mbele kulikuwa na baraza, na ofisi ya Directeur imekatwa kwa mbao nyembamba, mbao nilizozipigilia mimi mwenyewe, kwa hiyo najua kwamba ukisimama barazani unasikia kila neno linalosemwa ndani.

Maquis kila mtoto wa Kongo anaijua. Mtihani ukikaribia, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaacha nyumba zao, wanajifungia pamoja wiki nyingi, wanakula pamoja na kusoma pamoja, hakuna kutumwa sokoni, hakuna kulea mtoto wa dada. Centre yetu iliuza hiyo maquis pamoja na walimu na maswali ya zamani. Kila swali linaitwa item, na chini yake kuna majibu matano yenye namba, unachagua namba moja. Basi kutwa kucha depo ilikuwa inaimba kama madrasa: item ya kumi, mbili, item ya kumi na moja, tano, item ya kumi na mbili, tatu. Wengine walishika namba bila kushika swali. Nilimsikia kijana mmoja akiulizwa na mwenzake mto gani unapita mahali fulani, akajibu "tatu" bila kufikiri, na mwenzake akasema ndiyo. Nilicheka peke yangu huku nikipiga randa. Sasa sicheki, maana mimi nilikuwa najua kidogo kuliko wao.

Nilifika darasa la tano la msingi. Nasoma polepole, na naandika kama mtu anayepanda ngazi iliyooza, anajaribu kila kipago kwa mguu kwanza. Lakini mkono wangu ulikuwa unanyoosha. Siku moja Directeur alinikuta nimekata matundu ya misumari kwenye ubao, yote mstari mmoja, akasimama akanitazama sana. Kesho yake akaniletea makartoni magumu na karatasi yenye majibu ya kweli. Alitaka nikate kadi: kila jibu la kweli lipate tundu lake. Ukiiweka ile kadi juu ya karatasi ya mwanafunzi, kona kwa kona, unahesabu tu misalaba inayoonekana kwenye matundu. Hamsini ndiyo yote. Hakuna haja ya kujua swali, hakuna haja ya kujua Kifaransa. Nilizikata kwa patasi ndogo, na zilikuwa safi kiasi kwamba Directeur aliweka moja kwenye mwanga wa dirisha, akasema hata Kinshasa hawana kama hii. Kwa kila mtihani wa majaribio tulikuwa na kadi mbili, kwa sababu maswali yaligawanywa seri mbili ili watoto wasiibiane. Safu ya kushoto inapata seri ya kwanza, safu ya kulia seri ya pili. Namba ya seri iliandikwa juu ya karatasi, kwenye kona, ndogo.

Mwanzoni alikuwepo mwalimu wa kweli aliyekuwa anasahihisha na kadi zangu, mtu mwenye diplome yake. Akachanganya mara moja, mzazi akaja na makelele, Directeur akamfukuza siku ile ile. Akaniambia, "Saidi, wewe unajua kuhesabu mpaka makumi tano? Bon. Utaikala hapa." Akanipa kiti chake cha zamani na meza mbele ya darasa. Na watoto, watoto hawana dogo, wakaanza kuniita Prof Saidi, kwanza kwa mzaha, kisha kwa mazoea, kisha kweli. Nilianza kuvaa kalamu mfukoni mwa shati. Mke wangu, Mama Amisi, alikwenda kwa kaka zake, wale waliokuwa wakisema amejitupa kwa fundi randa, akawaambia mume wake sasa anasahihisha wa exetat, ndiyo ule Examen d'État. Shemeji mmoja akaja nyumbani kuniamkia, yeye ambaye alikuwa ananipita njiani, akaniita Prof mbele ya watoto wangu. Sijui kama nitaweza kueleza hilo jambo kwa mtu aliyesoma. Kwa aliyesoma ni neno tu. Mimi nilikuwa nalala nalo kama mto.

Nilikuwa napenda saa ya chakula kuliko zote. Mama Sifa, mpishi, alikuwa anapika chini ya bati nyuma ya depo, maharagi leo, sombe ya majani ya muhogo kesho, na siku wazazi wakileta kitu kutoka mtoni, samaki wa kukaushwa. Watoto walikaa kwenye magogo na masahani yao. Kulikuwa na mmoja, mrefu, mpenda maneno, aliyekuwa anauliza kila siku, "Mama Sifa, leo chakula iko seri gani? Seri ya kwanza maharagi, seri ya pili maji ya maharagi?" Na Mama Sifa anamjibu, "Wewe jibu yako ni tano: hakuna kitu." Wanacheka mpaka wengine wanamwaga. Georgine alikuwa anakaa mwisho wa gogo, msichana mwembamba wa miaka kumi na tisa, wa kutoka Yangambi, baba yake mkulima pale karibu na kituo cha utafiti. Yeye hakuwa anaimba namba. Mwalimu wa hesabu alikuwa anamtolea maswali yasiyo kwenye items, na yeye anayachora chini kwa kijiti, anayafuta kwa mguu, anachora tena. Mwalimu alimwambia Mama Sifa nikiwa nasikia kwamba huyu akishindwa, yeye atarudisha diplome yake serikalini. Na Mama Sifa akasema basi aongezewe kijiko, na kweli akamwongezea.

Sasa lazima nieleze ile mia kwa mia. Kwenye ubao wa centre, chini ya jina, kulikuwa na 100% kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko jina lenyewe. Maana yake, wote waliotoka kwetu mwaka uliopita walipata. Na njia ya kupata mia kwa mia ilikuwa hii: wiki mbili kabla ya mtihani wenyewe tunafanya jaribio la mwisho, na asiyefika nusu, Directeur anamwita mzazi wake, anamwambia kwa upole mtoto apumzike, ajaribu mwaka kesho. Hawezi kumkataza kwenda kwenye mtihani, lakini kadi ya kuingilia imefungiwa kwenye droo yake, na mzazi gani atabishana na centre ya mia kwa mia? Kila mtu alijua. Watoto wenyewe walikuwa wanaita siku ile siku ya ungo.

Siku ya ungo ilikuwa Alhamisi, na mvua ikaja saa nne asubuhi, ile mvua yetu isiyobisha hodi. Bati la depo lilikuwa limeoza upande wa kulia. Nilikuwa nimemwambia Directeur, akasema baada ya mtihani. Maji yakaanza kudondoka juu ya meza ya Georgine, tone, tone, kisha uzi. Nilikuwa nasimamia. Nilikwenda mwenyewe, nikamwambia ahamie kushoto, kulikuwa na nafasi mwisho wa safu, karatasi isilowe. Akahama na karatasi yake na kalamu yake, akaendelea kuandika kabla hajakaa vizuri. Ni mimi niliyemhamisha. Alipokaa alininong'oneza, "Aksanti, tonton," mjomba kwa Kifaransa, bila kuinua macho.

Nikakusanya karatasi, safu ya kushoto peke yake, ya kulia peke yake. Mchana nikaketi barazani na kadi zangu. Nilikuwa nimejifunza kwenda haraka, na watu walikuwa wanapenda kusimama kunitazama: kadi chini, hesabu, andika, ondoa. Kutazama ile namba ndogo kwenye kona kunachelewesha. Safu ya kushoto ni seri ya kwanza, basi. Nilipofika kwa Georgine nilihesabu kumi na moja, nikashangaa kidogo, nikahesabu tena kwa kadi ile ile, kumi na moja. Nikaandika.

Ijumaa Directeur akasoma majina uani. Kwa Georgine alisimama, akasoma mara mbili. Hakuna aliyecheka, hata yule mrefu. Georgine akasema hapana, akaomba kuona karatasi yake, na Directeur akajibu kwamba karatasi hazionyeshwi, ndiyo desturi, maana maswali yatatumika tena. Mwalimu wa hesabu hakuwepo, alikuwa amekwenda Bangboka kumpokea ndugu yake kwenye ndege. Na baba yake Georgine, bahati mbaya au sijui niite nini, alikuwa mjini, alikuwa ameshuka botini juzi na gunia la mchele la maquis, na alikuwa apande boti ya kurudi Yangambi Jumamosi asubuhi. Directeur akamtuma mtu amwite. Georgine akaja kwangu nikiwa napanga karatasi kwenye kabati. Alikuwa halii. Akasema, "Tonton, uangalie tena. Mimi najijua." Nikamwambia nitaangalia.

Na niliangalia. Hapo ndipo penye ubaya, kwa sababu mtu asiyeangalia anaweza kusema hakujua. Nilitoa karatasi yake, na jicho langu likaenda lenyewe kwenye kona: mbili. Nikaweka kadi ya seri ya pili. Misalaba ikatokea kwenye matundu mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaofungua madirisha asubuhi. Arobaini na nne. Hakuna aliyefika hapo mwaka ule. Wa pili wake alikuwa na thelathini na tisa.

Nikaenda na karatasi mkononi mpaka mlango wa ofisi. Nilikuwa naenda kusema, naapa. Baba yake alikuwa ameshafika, nikamsikia kupitia zile mbao zangu, sauti ya mtu wa shamba anayeogopa kuharibu kiti, akiuliza kama haiwezekani kuna makosa, maana mtoto huyu tangu mdogo alikuwa anawahesabia wazee mbegu. Na Directeur akamjibu, "Papa, hapa makosa haiko. Mwenye anasahihisha ni Prof Saidi. Ule hakusoma sana, lakini mukono yake haijakosa hata siku moja. Nikipata mwenye kukosa, siku ile ile anatoka." Mukono yake haijakosa. Nilisimama pale. Nilimfikiria yule mwalimu aliyefukuzwa, nikamfikiria shemeji, nikafikiria nitarudi kubeba mbao kichwani kupita mbele ya watu wale wale. Lakini sitajificha nyuma ya woga peke yake. Nilifurahi pia. Katikati ya baya lile, nilifurahi kusikia ninavyosifiwa. Nikageuka, nikarudisha karatasi kabatini. Nikajiambia kuna Jumamosi asubuhi.

Jumamosi asubuhi Georgine alitoka getini na godoro lake limekunjwa, limefungwa nyuma ya baiskeli ya toleka, ile ya kukodi, baba yake mbele na sufuria mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimekuja mapema kwa ajili hiyo. Akaja mpaka karibu nami.

"Tonton, uliangalia?"

"Niliangalia."

"Na?"

"Ni vilevile."

Alinitazama kidogo tu. Kisha akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeelezwa njia na kuielewa. Nimeona watu wakifa, nimezika watoto wangu wawili, na bado nikifumba macho ninachokiona mara nyingi zaidi ni kile kichwa kikiitikia. Maana aliniamini. Mpaka dakika ile alikuwa anajijua, na mimi nikamwambia hajijui, naye akakubali kwa adabu, kwa sababu mimi ni mkubwa na nina kalamu mfukoni. Baba yake akaniaga, akaniambia aksanti, Prof, kwa yote mulimufanyia.

Jumatatu mwalimu wa hesabu alirudi, akaniuliza Georgine imekuwaje. Nikasema labda aliogopa, watoto wa mtoni wanaogopa mjini. Akataka kuona karatasi. Lakini karatasi za ungo nilikuwa nimeshampa mama wa mikate ya kukaanga pale njia panda afungie mikate yake, kama tulivyokuwa tunafanya na karatasi zote, safari hii mapema kidogo. Mtu fulani Makiso alikula mikate ya moto juu ya ile arobaini na nne, akapangusa mafuta nayo, akaitupa. Mwalimu akasema ni ajabu, akasema tena ni ajabu, kisha akaingia darasani. Diplome yake hakuirudisha.

Matokeo yalipotoka, wote wa kwetu walipita. Mia kwa mia. Watu wakaja na poda, kama inavyofanywa kwa waliofaulu, wakawamwagia vichwani, barabara nzima ikawa nyeupe, na wakanimwagia na mimi. Yule mrefu alinibeba mgongoni. Nilirudi nyumbani mweupe kama mkate mbichi, Mama Amisi akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka naye, nikaenda kuoga, nikaoga sana. Ningependa kusema baada ya hapo niliacha kazi kwa sababu ya dhamiri. Hapana. Nilibaki, nikakata kadi nyingine, nikawa natazama kona ya kila karatasi mara tatu, nikawa mwepesi wa kukasirika, na mwanzo wa mwaka uliofuata mpwa wa Directeur alitoka Kinshasa na diplome yake akakalia kiti changu. Nikarudi kwenye randa. Yaani kile nilichokilinda kwa gharama ya Georgine nilikaa nacho miezi isiyozidi minane. Habari zake zilikuwa zinanifikia na watu wa boti: mwaka kesho haukuja, aliolewa, alikuwa analima, baadaye kwamba amehamia Kisangani anauza samaki. Kila mara nilisema basi, yuko hai, anakula, ana mume. Mtu anaweza kuishi na neno kama hilo miaka mingi. Kama asingemtaja yule binti kwenye matanga, nadhani ningekufa nalo.

Nilikaa siku tatu baada ya matanga. Siku ya nne nikapanda toleka mpaka Kabondo, mtaa aliosema anakaa, nikaulizia Mama Divine muuza samaki, wakanionyesha. Nilimkuta uani, sombe iko motoni, anakoroga. Alifurahi, akaniletea kigoda, akamwita binti yake aje aniamkie. Msichana akaja, mwembamba, akanipa mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto, akarudi kusimama mlangoni. Nilisema kabla sijaletewa maji, kwa sababu ningekunywa maji yake nisingeweza kusema.

"Mama Divine, ile kumi na moja haikukuwa yako. Ilikuwa yangu."

Alidhani ni mzaha wa wazee. Nikamweleza mvua, safu, kadi, kona, mlango wa ofisi. Nikamweleza getini. Alikuwa anakoroga, kisha akawa hakorogi, mwiko umesimama ndani ya sombe.

"Sasa yangu ilikuwa ngapi?"

"Makumi ine na ine."

Kuku alipita kati yetu. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitayarishia jibu, mimi niliyekuwa nimetayarisha majibu ya matusi yote. Aliuliza, "Na zile sita? Nilikosa zipi?"

Nikamwambia sijui. Sikuwahi kusoma swali hata moja. Nilikuwa naona matundu tu.

Akaangalia moto. Akasema, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayejiambia mwenyewe, "Papa alikufa akijua niko mujinga. Alinilimia shamba yake yote, akisema mutoto huyu hana njia ingine." Alichomoa mwiko, akaufuta ukingoni mwa sufuria, akaweka kifuniko. "Tonton," akasema, "chakula iko karibu kuiva. Lakini leo siwezi kukupakulia. Enda."

Nimekula kwa watu wengi katika maisha yangu, hata kwa watu waliokuwa hawanipendi. Huku kwetu hata adui akikukuta kwenye sufuria anapata kijiko. Nikainuka, nikaona ni haki. Divine akanisindikiza, maana mama yake hakumkataza, na mtoto aliyelelewa vizuri hamwachi mzee aondoke peke yake. Alitembea kando yangu mpaka tulipopita nyumba ya jirani.

"Papa, ni kweli mama alipata makumi ine na ine?"

"Ni kweli."

"Juu ya makumi tano?"

"Juu ya makumi tano."

Akasimama. Barabara ilikuwa bado mbele, na desturi ni kumfikisha mgeni mpaka barabarani. Hakunifikisha. Aligeuka, akakimbia kurudi kwa mama yake, viatu mkononi.